Asilimia Tatu ya Chuma

Fundi wa konveta ya zamani, tanuri la kusafishia nikeli kwa hewa, alisoma kazi yake kwenye fimbo ya chuma. Aliichovya katika madini yaliyoyeyuka, akaichomoa, akaacha utando ulioshika upoe kidogo, kisha akautazama kwa makini: unang'aa au umefifia, ni laini au una vinundu, unabanduka upesi au unang'ang'ania. Halafu akainua macho autazame mwali uliokuwa ukitoka kinywani mwa tanuri. Kwa dalili hizo mbili aliamua apulize hewa dakika chache zaidi au asimamishe. Akiwahi kusimamisha, chuma kingi kilibaki ndani ya nikeli. Akichelewa, nikeli yenyewe ilianza kuungua na kuishia kwenye takataka. Ujuzi huo ulirithishwa papo hapo kazini, mkubwa akimwonyesha mdogo, zamu baada ya zamu.

Ni ujuzi ninaouheshimu sana, na kwa ajili hiyo napenda kufuatilia kilichotokea pale konveta inayopuliza mfululizo ilipochukua nafasi ya ile ya kupuliza na kukoma. Mfano ulio wazi uko Rustenburg, Afrika Kusini, katika kiwanda cha Waterval, ambako mfumo unaojulikana kwa kifupi kama ACP uliwashwa mwaka 2002. Kiwanda kilikuwa cha Anglo American Platinum, kampuni ambayo tangu 2025 inaitwa Valterra Platinum. Sifa yake kubwa ni platinamu. Lakini platinamu hiyo husafiri imejificha ndani ya nikeli na shaba, na kazi ya motoni, tangu mwanzo hadi mwisho, ni kazi ya kuitunza nikeli.

Mwamba ukishachimbwa na kusagwa, chembe zenye madini huelea kwenye povu na kukusanywa. Unga huo hukaushwa, ukaingizwa kwenye tanuri la umeme. Humo ndani vitu hujipanga vyenyewe kwa uzito. Mawe yaliyoyeyuka hupanda juu yakawa slagi, yale mavi ya chuma ambayo wahunzi wa kila zama wameyajua. Chini yake huzama kimiminika kizito chenye salfa, kinachoitwa mati. Mati inayotoka kwenye tanuri la umeme la Waterval ina takriban asilimia 40 ya chuma, asilimia 17 ya nikeli, asilimia 9 au 10 ya shaba, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni salfa. Kazi ya konveta ni kukitoa chuma hicho bila kuipoteza nikeli.

Kinachoiwezesha kazi hii ni tabia za madini yenyewe. Chuma hukimbilia oksijeni kuliko nikeli inavyoikimbilia, na nikeli kuliko shaba. Ukipuliza hewa ndani ya mati, chuma ndicho kinachoungua kwanza, pamoja na salfa iliyoshikamana nacho. Salfa hutoka kama gesi. Oksaidi ya chuma hukutana na mchanga wa silika uliotiwa makusudi, vikaungana kuwa slagi inayoelea. Mwenye shaba pekee anaweza kuendelea kupuliza hadi salfa yote iishe na shaba ibaki tupu. Nikeli haikubali hivyo: salfa ikipungua mno, inahitaji joto kali zaidi ili isigande, na sehemu yake hugeuka oksaidi. Kwa hiyo mpulizaji wa nikeli lazima akome njiani, na kujua pa kukomea ndiko kulikomtofautisha fundi na mwanagenzi.

Konveta iliyofanya kazi hiyo kwa karibu karne nzima ina majina ya Wamarekani wawili, Peirce na Smith, waliofaulu mwanzoni mwa karne ya 20, huko Baltimore, kuijengea matofali yasiyoliwa na slagi ya chuma. Ni silinda kubwa iliyolala ubavu, yenye kinywa juu na safu ya matundu ya hewa upande mmoja. Huzungushwa ili ipokee mati, huzungushwa tena ili matundu yazame na upepo upite ndani ya kimiminika, kisha huinamishwa imwage slagi. Matundu huziba kila mara, maana hewa baridi hugandisha mati pale inapoingilia. Zamani mtu alisimama nyuma ya tanuri na mtaimbo, akayazibua moja baada ya jingine, akarudi kwenye la kwanza. Juu, winchi ilibeba ndoo kubwa za mati nyekundu kutoka tanuri hadi konveta. Kila kinywa kilipoinama kumimina au kupokea, kofia ya kukusanyia gesi iliachana nacho, na moshi wa salfa ukatoka nje ukaelekea mjini.

Moshi huo ndio uliolazimisha mabadiliko. Kiwanda cha kutengenezea asidi ya salfuriki kinataka gesi yenye nguvu, inayofika bila kupanda na kushuka. Konveta ya kupuliza na kukoma hutoa gesi nyingi, kisha kidogo, kisha hakuna kabisa. Huwezi kuutunza mtambo wa asidi kwa riziki ya namna hiyo. Wafini wa Harjavalta walitafuta njia yao mwaka 1995, wakatengeneza mati yenye chuma kidogo moja kwa moja ndani ya tanuri la kuyeyushia, wakaachana na konveta. Rustenburg waliamua kubaki na konveta, ila waibadilishe iwe tanuri lililosimama wima, limefunikwa juu, lisiloinama kamwe, na kupuliza kwake kusikatike.

Hatua ya kwanza ya njia hiyo mpya ni ya kupoza, na hapo tayari naona akili. Mati iliyoyeyuka ya tanuri la umeme haibebwi tena na winchi. Humwagwa katika mkondo mkali wa maji, ikapasuka kuwa punje ndogo za kijivu, kisha punje hizo hukaushwa na kuhifadhiwa. Mtu anaweza kuuliza kwa nini kitu kilichogharimu umeme mwingi kuyeyushwa kigandishwe, halafu kiyeyushwe upya. Jibu ni kwamba punje zinaweza kusubiri. Tanuri la Polokwane, lililo mbali na Rustenburg, linaweza kuleta mati yake kwa magari. Tanuri moja likisimama kwa ukarabati, konveta inaendelea kula akiba. Isitoshe, punje zinapimika kwa mizani hadi kilo, tofauti na ndoo ya moto ambayo uzito wake ulikisiwa kwa macho. Joto la kuziyeyusha tena hutoka humohumo, kwenye chuma na salfa vinavyoungua.

Kisha kuna bomba. Wazo lake lilizaliwa Australia miaka ya 1970, wakati mhandisi John Floyd alipokuwa akifanya kazi katika shirika la utafiti la CSIRO. Mwaka 1981 alianzisha kampuni ya Ausmelt, na teknolojia ya Waterval ilipatikana kwa leseni yao. Ni bomba refu la chuma lililoning'inia wima, likiingia kwa tundu la paa la tanuri hadi ncha yake izame ndani ya slagi inayochemka. Hupitisha hewa iliyoongezewa oksijeni. Ndani yake kuna mapezi yaliyopinda, yanayoizungusha hewa ili iambae ukutani ikishuka na kulipoza bomba.

Hebu tuliangalie linavyoshushwa, maana hapa ndipo mikono ya fundi inapoonekana hata kama ameshika kitufe tu. Bomba halizamishwi moja kwa moja. Ndani kuna kimiminika chenye joto la nyuzi 1,300 hivi za selisiasi, na chuma kitupu kikiingia humo huliwa upesi. Mwendeshaji hulishusha hadi ncha ikaribie uso wa slagi, akalisimamisha hapo hewa ikipuliza. Upepo huipiga slagi, ikaruka, matone yakalirukia bomba. Chuma kilichopozwa na hewa ya ndani huyagandisha matone hayo papo hapo. Tone juu ya tone, bomba hujivika gamba la slagi ngumu. Mwendeshaji husubiri. Akiharakisha, gamba litakuwa jembamba na lenye mianya, na mahali palipo wazi ndipo patakapoungua. Akisubiri mno, ncha itaunguzwa na joto la juu ya kimiminika bila kinga ya kutosha. Gamba likikamilika, ndipo bomba linapozamishwa, polepole, kwenye slagi ileile iliyolivika.

Nalistaajabia jambo hili kila ninapolifikiria. Kinacholilinda bomba kinatoka katika kitu kilekile ambacho kingeliangamiza, na kinachokishikiza hapo ni pumzi inayopita ndani. Hewa ikikatika kwa muda mfupi tu, gamba huyeyuka, na bomba halina lake tena.

Kina cha kuzamisha nacho kina hesabu yake. Ncha inatakiwa ikae ndani ya slagi, isiiguse mati iliyo chini, kwa sababu mati hula chuma kwa kasi kuliko slagi. Lakini ikikaa juu mno, hewa hupuliza juujuu bila kukoroga, na oksijeni hutoroka na moshi. Mwendeshaji hauoni mwisho wa bomba. Anao msukumo wa hewa unaosomeka kwenye kipimo, anao mtikisiko wa bomba, anao mngurumo. Waendeshaji wa mitambo ya namna hii husema mlio wa bomba lililozama vizuri ni mzito na wa mfululizo. Likiwa juu mno, mlio hupanda na kulegea. Kwa hiyo sikio lililowahi kufanya kazi pembeni mwa silinda ya Peirce na Smith halikustaafishwa. Limepewa mlio mwingine wa kujifunza.

Hata hivyo, ncha huchakaa. Bomba lililochoka hutolewa, jingine likaingizwa, na lile la kwanza hupelekwa karakana. Huko mchomeleaji hukata kipande kilicholiwa, husaga ukingo hadi ung'ae, hulinganisha ncha mpya isipinde hata kidogo, kisha huanza kuchomelea mzunguko kwa mzunguko. Mshono wake utaning'inia ndani ya moto bila mtu kuweza kuufikia. Ukiwa na kitundu kidogo tu, hewa itatokea hapo, gamba halitashika, na siku ya kazi itapotea. Majina ya watu hawa hayatajwi kwenye ripoti za uzalishaji. Mimi ningeanza nao.

Bomba likishatulia, punje za mati huingia bila kukatika, mchanga wa silika huingia, na upepo huvuma. Sasa ndipo tofauti kubwa ya kazi ya zamani na hii ya sasa inapojitokeza. Zamani mati ilianza na chuma kingi, kikapungua, kikapungua, hadi fundi akasema basi. Humu ndani chuma hakitakiwi kupungua wala kuongezeka. Mati iliyomo inapaswa kukaa daima na takriban asilimia 3 ya chuma, saa hii, saa ijayo, na zamu ya usiku, ingawa kila punje inayoingia ina asilimia 40.

Kwa nini tatu? Chuma hicho kidogo kinachobaki ndicho ngao ya nikeli. Maadamu kipo, oksijeni ina kitu cha kukimbilia kabla haijaigusa nikeli. Kikishuka sana, nikeli huanza kuungua na kuingia kwenye slagi, na kobalti, ambayo huungua mapema kuliko nikeli, huwa imekwishatangulia kwa wingi. Slagi nayo hujaa magnetaiti, aina ya oksaidi ya chuma, ikawa nzito, ikakataa kutiririka. Chuma kikizidi, mati inayotoka haitafaa kwa hatua zinazofuata. Njia ya kupita ni nyembamba, na hakuna tuta pembeni la kukuzuia usitoke.

Hesabu ya kushika njia hiyo inaweza kuandikwa kwa penseli. Kila tani ya chuma kilichoshikamana na salfa, yaani kilicho katika salfaidi, inahitaji kilo 860 hivi za oksijeni ili chuma kiwe oksaidi na salfa yake iwe gesi, na kilo 540 hivi za silika ili kitulie kwenye slagi. Ukijua uzito wa punje zinazoingia kila saa na kiasi cha chuma kilichomo, umejua oksijeni ya kupuliza. Mashine hupiga hesabu hiyo vizuri kuliko mtu. Tatizo ni kwamba punje za jana si za leo. Zilizoletwa kutoka tanuri jingine zina chuma zaidi au pungufu kidogo, mchanga una unyevu, mizani imeelemewa na vumbi, kiasi fulani cha oksijeni kimetoroka. Kila kosa ni dogo. Lakini tanuri hukumbuka makosa, huyajumlisha, na baada ya saa chache asilimia 3 imekuwa 5, au imekuwa 1.

Ndiyo maana bado sampuli huchukuliwa. Fimbo hushushwa, hupandishwa imevikwa utando ulioganda, na utando hupelekwa maabara usagwe na kupimwa kwa mionzi. Jibu linaporudi ni la kimiminika kilichokuwepo muda uliopita. Mwendeshaji mzuri hapigi oksijeni juu wala chini kwa sababu ya namba moja. Huilinganisha na iliyotangulia, huangalia joto limeelekea wapi, hukumbuka ghala gani la punje lilifunguliwa saa mbili zilizopita. Kisha hugeuza kidogo tu, akaacha tanuri lijibu. Ni subira ya mpishi wa tui: hatoki jikoni, hapunguzi wala haongezi moto kwa pupa, mkono unakoroga, jicho liko chunguni, tui lisije likakatika. Wageni wengi kwenye kazi hii hukosea kwa kurekebisha mno. Namba imepanda, wanakata, imeshuka, wanaongeza, na kabla ya alasiri tanuri linapepesuka. Kujizuia ni sehemu ya ufundi, na huchukua muda mrefu kujifunza kuliko kubonyeza.

Kuna hatari mbili ambazo kila mtu kwenye zamu huzibeba kichwani. Ya kwanza ni povu. Slagi iliyojaa magnetaiti hushika gesi isiitoe, ikaumuka na kupanda haraka kuelekea paa. Ya pili ni maji. Kuta za tanuri katika kimo cha slagi hulindwa na mabamba ya shaba yaliyopitishiwa maji, na mati iliyoyeyuka ikikutana na maji mahali palipofungwa, mvuke hulipuka. Februari 2020 mlipuko ulitokea ndani ya konveta A ya Waterval. Konveta B, iliyokuwa ya akiba, ikawashwa, lakini maji yakagundulika ndani ya tanuri lake, na mwezi Machi kampuni ikaamua kuizima na kuwaarifu wateja kwamba haitaweza kutimiza mikataba. Konveta A ilijengwa upya na kurudi kazini mwishoni mwa mwaka huo. Tangu nisome habari hiyo, naiona kwa jicho jingine kazi ya mtu anayepima maji yanayoingia kwenye bamba na yanayotoka, akitafuta tofauti ndogo ya wingi au ya joto.

Faida waliyoitafuta waliipata kwenye moshi. Tanuri haliinami, kwa hiyo kofia yake haibanduki. Gesi ya salfa hutoka kwa kiasi kisichoyumba, nzito kuliko ile ya zamani kwa sababu ya oksijeni iliyoongezwa, ikaenda kugeuzwa kuwa asidi. Kwa msomaji wa Tanzania anayefuatilia nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, jambo hili lina uzito wa karibu. Madini ya Kabanga nayo ni ya salfaidi, na mpango uliotangazwa wa kiwanda cha Kahama unakwepa moto kabisa kwa kuyayeyusha madini katika kimiminika chini ya shinikizo. Kila njia inajibu swali lilelile: salfa iende wapi?

Mati ikifika kimo chake, hutolewa kwa tundu la chini. Tundu limezibwa kwa udongo uliookwa ukawa mgumu kama jiwe. Mtobozi huanza na keekee, kisha humalizia na bomba jembamba la oksijeni linalowaka nchani, akilielekeza katikati kabisa. Akipotoka upande, atakula tofali, na tundu lililopanuka vibaya ni vigumu kuzibwa. Mati hutoka nyekundu yenye kung'aa, ikitiririka kama maji, kwa wepesi kuliko slagi. Kati ya tani 100 za mati zilizoingia, zinazotoka ni kama 36. Sasa ina takriban asilimia 47 ya nikeli na 26 ya shaba. Kazi ikiisha, mtambo husukuma udongo mpya tundoni, na mtobozi hasogei hadi ahakikishe umeshika.

Slagi hutolewa kwa njia yake. Haitupwi, kwa sababu konveta inayokaa kwenye asilimia 3 lazima ipoteze nikeli na kobalti kiasi fulani, zaidi ya ile ya zamani katika nusu ya kwanza ya upulizaji wake. Hiyo ndiyo gharama ya kufanya kazi bila kusimama, na waliobuni mfumo waliikubali tangu mwanzo. Slagi hupasuliwa kwa maji na kupelekwa kwenye tanuri jingine la umeme, linaloisafisha na kurudisha nikeli na kobalti iliyotoroka. Kinachopatikana hurudishwa kwenye konveta.

Mati yenyewe humwagwa katika mashimo makubwa, yakafunikwa, ikaachwa ipoe kwa siku kadhaa. Ikipoa haraka, kila kitu huganda kimechanganyika. Ikipoa polepole, fuwele za salfaidi ya nikeli na za salfaidi ya shaba hukua kila moja peke yake, na sehemu ndogo ya metali tupu, yenye kushikwa na sumaku, hukusanya karibu platinamu yote. Bonge likivunjwa na kusagwa, sumaku huivuta sehemu hiyo, na iliyobaki huendelea kwenye kiwanda cha kusafishia nikeli na shaba. Ni hapa ambapo ile asilimia ya chuma huhesabiwa tena, maana chuma kikizidi au kikipungua, metali hiyo hubadilika wingi wake na sumaku hufanya kazi vibaya. Anayesimamia sumaku hupata habari za tanuri siku kadhaa baadaye, kwenye unga ulio mezani pake, na anajua ni zamu ipi ya kuiuliza.